Probox yaunguza fyuzi ya paking kila nikitoka Ngomeni usiku

Mchukuzi_wa_Samaki (Malindi)

Asalaam alaykum, na habari za jioni nyote.

Nina Toyota Probox ya zamani, ile ya umbo la kwanza, injini 1500. Kazi yake ni kutoa samaki Ngomeni na kuwaleta Malindi mjini. Naondoka ufuoni baada ya magharibi, masanduku ya barafu yamejaa nyuma mpaka kwenye kioo. Napita Gongoni, Mambrui, daraja la Sabaki, kisha naingia mjini.

Shida yangu ni fyuzi ya taa za paking. Ni ile nyekundu ya ampea 10, kwenye kifuniko imeandikwa TAIL. Ikiungua, taa ndogo za mbele, za nyuma, taa ya namba na mwangaza wa dashibodi vyote vyafa kwa mpigo. Taa kubwa ziko, breki zawaka, indiketa ziko, honi iko.

Haiungui papo hapo. Nikiwasha gari ikiwa imesimama inaweza kukaa vizuri tu. Ile barabara ya vumbi ya kutoka Ngomeni mpaka kushika lami ndiyo inayoimaliza, mara nyingi. Siku nyengine yanifikisha salama hadi mjini, nafungua mlango wa nyuma nishushe masanduku, nikirudi kwenye usukani dashibodi iko giza.

Gereji moja walibadilisha swichi ya taa, nikalipa, mambo ni yale yale. Gereji ya pili walibadilisha vishikio vya balbu za nyuma, nikalipa tena. Sasa fundi wa hiyo ya pili ananiambia dawa ni kuweka fyuzi ya njano, ya 20, eti "hiyo ya 10 ni ndogo kwa gari ya kazi". Nimemwambia angoje kwanza niulize. Maana bila taa za nyuma lori linalonijia kwa kasi huko Gongoni halinioni, na askari wa trafiki naye ana hesabu yake.

Jengine, sijui kama linahusiana: nikitia indiketa ya kushoto, taa ya nyuma ya upande huo huo nayo inakonyeza kidogo, ya paking, si ya indiketa. Na sakafu ya nyuma haikauki. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yanatiririka, nikiosha leo kesho ni vile vile.

Nianzie wapi? Nina testa ya taa na mita ya bei rahisi.

Shuka_Hapa_Dere

Kaka weka 20 uendelee na kazi. Mimi Hiace yangu fyuzi ya wipa niliweka 30 siku nyingi na sijaiona ikiungua tena. Hizi fyuzi za sikuhizi ni feki, zinayeyuka bure.

Abu_Swafaa

Hiyo indiketa kukonyesha taa ya paking inakwambia eathi ya nyuma, ile njia ya umeme kurudi kwenye bodi, mbovu. Maji ya samaki yameila. Safisha eathi tu, fyuzi itatulia yenyewe.

Fundi_Waya_Maweni

Nimesoma yote. Nijibu kwa mpango, na mtaniwia radhi nikirefusha, maana waya ndio mkate wangu.

Wewe wa Hiace, nakuomba kabla hujalala leo uitoe hiyo 30. Fyuzi haikuwekwa kuilinda balbu wala mota. Imewekwa kuulinda waya. Waya wa taa za paking ni mwembamba, nusu milimita ya mraba hivi, na umepita chini ya zulia, ndani ya nguzo ya mlango, juu ya dari, umefungwa tepu pamoja na wenzake wa breki, wa indiketa na wa tangi la mafuta. Fyuzi ikiwa kubwa kuliko uwezo wa waya, siku shoti ikipiga kinachoungua si fyuzi. Niliwahi kuletewa gari ya abiria yenye dalili za ajabu, ukikanyaga breki wipa zinacheza. Nilipofunua zulia nyaya zote zilikuwa zimegandana, plastiki imekuwa gundi moja nyeusi, na katikati yake shaba inang'aa. Kwenye boksi la fyuzi mtu alikuwa ameweka karatasi ya fedha ya sigara. Hiyo gari haikuteketea kwa sababu ya bahati, si kwa sababu nyengine.

Sasa Mchukuzi, hesabu yako. Taa ndogo mbele mbili, nyuma mbili, na za namba tuseme mbili, kila moja wati 5. Hapo ni 30. Ongeza vibalbu vya dashibodi, tuseme 35 jumla. Gawa kwa volti 12: hazifiki ampea 3. Fyuzi ya 10 ni zaidi ya mara tatu ya unachotumia. Kwa hivyo maneno ya "ndogo kwa gari ya kazi" hayana miguu. Samaki hawali umeme.

Na fyuzi si kitu chepesi kama watu wanavyodhani. Fyuzi nzima ya 10 ukiipitisha ampea 11 inaweza kukaa saa nyingi bila kukatika. Ukiifikisha 20, inakatika ndani ya sekunde 5. Yako inakatika pale gari inaporuka. Tafsiri yake ni kwamba mahali fulani waya umechunika na unagusa bodi, ukiruka unagusa, ukitulia unaachia. Okota moja uliyotupa uiangalie kwenye mwanga. Kama kidirisha kimefuka cheusi na kile kiunzi cha ndani kimetoweka, hiyo ni shoti ya moja kwa moja. Kama kimeachana katikati tu na plastiki bado safi, hapo ni mzigo uliozidi polepole. Nadhani utakuta kimefuka.

Abu Swafaa, umesema kweli nusu. Kukonyeza kule ni eathi, sina ubishi. Umeme wa indiketa ukifika kwenye balbu ukakosa njia nzuri ya kurudi kwenye bodi, unapanda kwa mlango wa jirani: unapita kwenye filamenti ya paking, ule uzi mwembamba wa ndani ya balbu, unarudi kinyume, unatafuta eathi ya upande wa pili. Ndiyo maana inakonyeza. Lakini eathi mbovu ni kizuizi. Inapunguza umeme, haiuongezi. Taa zitafifia, fyuzi haiungui. Kwa hivyo gari hii ina maradhi mawili, na kuyatibu kwa dawa moja ndiko kulikowafikisha kwenye swichi mpya isiyo na haja.

Tuanze na shoti, kwa sababu hiyo ndiyo inayokuweka gizani.

Usiendelee kuunguza fyuzi. Tafuta balbu kuukuu ya taa kubwa, ile ya H4, hata kama filamenti moja imeungua. Tunahitaji moja tu nzima. Unganisha nyaya mbili kwenye vijiti vyake, na ncha za hizo nyaya uzitie vile vyuma vya fyuzi iliyoungua, uzichomeke pale penye TAIL. Yaani balbu imekaa mahali pa fyuzi. Ining'inize mbali na plastiki kwa sababu inapata moto kweli kweli.

Washa paking. Gari ikiwa nzima, balbu yako itawaka hafifu, rangi ya chungwa, na taa za paking zitawaka dhaifu kidogo. Shoti ikigusa, balbu itaruka nyeupe kabisa na taa za paking zitazimika. Na hakuna kinachoungua, maana balbu ya wati 60 hairuhusu zaidi ya ampea 5. Hapo waweza kuitikisa gari mpaka usiku wa manane.

Usitumie balbu ya breki ya wati 21 kwa kazi hii, ingawa wengi hutumia. Taa zako za paking jumla yake ni kubwa kuliko hiyo 21, kwa hivyo itawaka karibu sawa gari ikiwa nzima na ikiwa mgonjwa, na utababaika.

Mtu mmoja akae anaitazama balbu. Wewe tikisa. Gonga kishikio cha taa ya mbele kushoto, kulia. Usukani juu chini. Sogeza viti. Bonyeza zulia. Halafu mlango wa nyuma: fungua, funga, fungua nusu, uachie. Mimi ningeanza na huo. Umetuambia mwenyewe kuwa ukiufungua mjini dashibodi inakufa, na mafundi wawili waliolipwa hawakulisikiza hilo neno.

Juu kwenye bawaba kuna mpira mweusi, kama mkono wa shati, unaoingia kutoka kwenye dari mpaka kwenye mlango. Ndani mna nyaya za taa ya namba, wipa ya nyuma, na kadhalika. Kila ukifungua zinakunjwa pahali pamoja pale pale. Kwa jua letu na chumvi, plastiki ya waya inakuwa kavu na inapasuka. Gari ya mtu wa ofisini inafunguliwa nyuma Jumamosi. Yako inafunguliwa kutwa.

Simu_na_Redio_KisumuNdogo

Mbona mzee unamsumbua na balbu? Toa fyuzi, weka mita kwenye alama ya mlio, mguu mmoja kwenye tundu la fyuzi upande wa taa, mwengine kwenye bodi. Ikilia kuna shoti. Dakika moja umemaliza.

Fundi_Waya_Maweni

Mita italia hata gari ikiwa imetoka bandarini leo, mwanangu. Filamenti ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya ule ilio nao inapowaka. Balbu ya wati 5 ikiwaka ni omu 29 hivi. Ikiwa baridi ni 2 au 3. Ziweke sita sambamba, mita inaona chini ya omu moja, inapiga kelele, na wewe waanza kuing'oa dari ya mtu.

Ukitaka kutumia mita, toa balbu zote kwanza, na swichi ya taa iwe imewashwa, la sivyo kwenye gari nyengine utakuwa unapima nusu ya njia. Hata hivyo mita yakupa hali ya sekunde ile tu. Shoti ya huyu bwana ni ya kuja na kuondoka.

Mama_Tuktuk_Watamu

Mimi napita tu, ila naomba kuuliza. Fundi akisema "balbu mbili ndani ya moja", zile za breki na paking pamoja, kuna kijana alinitilia balbu moja ya ncha moja kwenye kishikio cha ncha mbili. Nikikanyaga breki dashibodi ilikuwa inawaka. Haiwezi kuwa hiyo?

Fundi_Waya_Maweni

Dada, swali zuri sana, na hilo lipo. Ile balbu ya ncha moja pana inagusa vidole vyote viwili vya kishikio na kuunganisha waya wa breki na wa paking. Dalili yake ni hiyo uliyoiona, breki inawasha mpaka dashibodi. Mchukuzi, angalia: zima kila kitu, kanyaga breki usiku, dashibodi ikikaa giza basi si hiyo. Lakini haitategemea mashimo ya barabarani, kwa hivyo siiwekei matumaini.

Shuka_Hapa_Dere

Haya mzee. Nimetoa 30. Kwenye kifuniko imeandikwa 15. Nimetia 15, nimewasha wipa, imeungua papo hapo. Sasa nimebaki bila wipa na masika ndiyo haya.

Fundi_Waya_Maweni

Ndiyo tumeanza kuelewana. Chomoa plagi ya mota ya wipa, tia 15 nyengine, washa swichi. Ikikaa, waya mzima. Rudisha plagi, inua mikono ya wipa utoe mzigo wa kioo, jaribu kuisukuma kwa mkono. Huku pwani vile viekseli vya mikono ya wipa vinashika kutu ndani ya bomba lake mpaka mota inasukuma ukuta, na mota iliyozuiwa inakula umeme mara nyingi kuliko inayozunguka. Mara nyingi dawa ni kuvichomoa, msasa, grisi, kurudisha. Ikiungua plagi ikiwa nje, njoo na swali lake peke yake tusimchanganyie mwenziwe.

Mchukuzi_wa_Samaki (Malindi)

Wazee wangu, nimerudi. Mashallah.

Fyuzi iliyoungua ilikuwa imefuka nyeusi kama alivyosema fundi. Balbu ya H4 nimepewa bure, ya taa iliyopasuka. Nimechomeka, mpwa wangu amekaa kwenye kiti cha dereva na kazi yake kusema "sawa" au "imeruka".

Nimegonga mbele: sawa. Usukani: sawa. Nimeruka juu ya bampa la nyuma mpaka jirani akatoka kuangalia: sawa, sawa. Nimeshika mlango wa nyuma, kufika nusu tu mpwa akapiga ukelele. Nikaushusha kidogo, ikarudi chungwa. Nikaupandisha, nyeupe. Nikawa napandisha na kushusha kama mtoto na swichi ya sebuleni.

Ule mpira wa bawaba umetoka kwa bisibisi bapa bila tabu. Ulikuwa umepasuka upande wa juu, usioonekana ukisimama chini, na ndani mna mchanga. Nyaya zote zimekauka. Waya wa kijani umevuliwa nguo kama urefu wa ukucha, shaba si nyekundu tena, ni nyeusi yenye unga wa kijani, na pale inapogusa ukingo wa bawaba pana alama ya kuungua kwenye rangi ya gari. Mwengine mweusi umepasuka bila kukatika. Na mweupe wenye mstari mweusi umebaki nyuzi mbili tatu tu, nikauvuta taratibu ukakatika mkononi.

Baada ya hapo nimefungua kibao cha kona ya nyuma kushoto. Bolti ya eathi ipo chini kabisa, nyuma ya lile gurudumu, mahali maji ya samaki yanapokusanyikia. Kichwa chake hakishikiki spana, ni kutu tupu.

Sijaunganisha kitu. Nauliza: nyaya hizi naziungaje zisirudie? Fundi wa gereji ile anasema nizungushe tepu tu.

Fundi_Waya_Maweni

Ahsante kwa kueleza vizuri, wengi hupata jawabu wakapotea.

Huo mweupe wenye mstari mweusi kwenye Toyota ndio eathi, wa mlango. Ulikuwa unakaribia kukuachia wipa na taa ya namba. Umeuokoa kwa kuukata.

Tepu pekee, hapana. Kwenye joto la Malindi gundi yake inayeyuka, inateleza, na utabaki na kamba yenye kunata na waya uchi. Na usiunge pale pale palipopasuka, hata kwa solda. Solda ikiingia kwenye nyuzi za shaba inazifanya kuwa kijiti kigumu. Panapoishia solda ndipo patakapovunjika, na wewe unapakunja kila siku. Kata nyaya pande zote mbili mbali na bawaba, upande mmoja ndani ya dari na mwengine ndani ya mlango. Kata mpaka uone shaba inang'aa. Ukiona bado nyeusi, rudi nyuma tena. Halafu tia vipande vipya vya waya laini wa nyuzi nyingi, unene ule ule au zaidi kidogo, vipite kwenye mpira bila kiungo chochote ndani yake. Viungo vyote vikae mahali pasipokunjwa. Na usivipange pamoja. Kimoja hapa, kinachofuata mbele kidogo, ili hata kimoja kikivuliwa nguo kisikutane na mwenziwe. Vifunike kwa yale mabomba madogo yanayonywea ukiyapasha moto. Waya uwe na ziada kidogo, ukiufungua mlango wote usivutike.

Unga nyaya zote za mpira ule, hata zile zinazoonekana nzima. Zimeishi pamoja, umri wao ni mmoja.

Eathi: usiing'ang'anie hiyo bolti. Ichimbe, au toboa tundu jipya juu zaidi, mahali maji hayafiki, kwenye chuma cha bodi na si kwenye plastiki. Kwangua rangi mpaka chuma cheupe, kaza, kisha ndipo upake grisi juu. Kisha ipime: washa paking, breki na indiketa, mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye eathi ya kishikio cha taa, mwengine kwenye hasi ya betri. Isizidi 0.2. Naomba unipe namba kabla na baada.

Nahodha_Mokowe

Nawasoma kutoka Amu, yaani Lamu. Magari nawaachieni nyinyi, mimi kazi yangu ni boti ya Mokowe na Amu, lakini chumvi ni hiyo hiyo na mimi imenifundisha.

Kaka wa samaki, ukipata waya wa boti, ule ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati, nunua huo. Ni mweupe ndani badala ya mwekundu. Waya wa kawaida ukiingiwa na maji ya chumvi kwenye ncha, yanapanda ndani ya plastiki kama mafuta kwenye utambi. Nje unauona mzima na ndani ni mweusi mbali kabisa na pale ulipokata. Ule wa bati unastahamili zaidi. Maduka ya vifaa vya boti wanauza kwa mita, ghali kidogo, lakini wewe unahitaji vipande vifupi tu.

Na tahadhari moja. Usizibe viungo kwa silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki. Hiyo siki ndiyo tindikali yenyewe, inaila shaba polepole huku wewe wadhani umeilinda. Kuna silikoni nyengine isiyonuka hivyo, hiyo sawa. La sivyo tumia vaselini tu, na uipake baada ya kukaza, si kabla.

Fundi_Waya_Maweni

Nahodha amesema yote. La siki nilikuwa nimelisahau kulitaja, na nimeshaona boksi zima la fyuzi la gari ya hoteli lililozibwa kwa hiyo kitu. Kijani tupu.

Mchukuzi_wa_Samaki (Malindi)

Kazi imekwisha. Namba alizotaka fundi: kabla, kushoto nyuma, volti 2.8. Baada, 0.04. Taa ya kushoto sasa inawaka sawa na ya kulia, nami nilikuwa nimezoea kuwa ndivyo ilivyo. Kukonyeza kumeisha.

Nyaya nimepata za boti, nimeunga zote saba. Jana usiku nimetoka Ngomeni na mzigo, nimepita ile ya vumbi kwa makusudi bila kukwepa mashimo, na 10 nyekundu iko palepale mpaka mjini. Nimeweka zulia la mpira lenye kingo chini ya masanduku na nimetoboa kitundu cha kutolea maji nje, mbali na kona ya eathi.

Swali dogo la mwisho. Ile swichi ya zamani waliyoitoa gereji ya kwanza ninayo bado, walinirudishia. Niitupe?

Fundi_Waya_Maweni

2.8! Balbu ya volti 12 ulikuwa unailisha 9 na ushei. Ndiyo maana lori halikuoni.

Swichi usitupe. Ilikuwa nzima toka mwanzo, na swichi iliyokuja na gari ni imara kuliko nyingi zinazouzwa mpya madukani. Ifunge kwenye mfuko mkavu uiweke. Na weka fyuzi za akiba ndani ya gari, nyekundu za 10 na bluu za 15, zile utakazozihitaji kweli. Za njano na za kijani waachie wenye mzigo wao.

Mama_Tuktuk_Watamu

Fundi, nami kabla uzi haujafungwa. Tuktuk yangu tundu la kuchajia simu halifanyi kazi, na kila nikibadilisha fyuzi yake inaungua abiria akichomeka chaja. Wakati mwengine hata hajachomeka.

Fundi_Waya_Maweni

Zima swichi ya gari, toa na fyuzi yenyewe. Halafu mulika tochi ndani ya hilo tundu. Nitashangaa usipokuta shilingi au kipande cha karatasi ya peremende chini kabisa, kimeegemea kati ya kile kidole cha katikati na ukuta. Kitoe kwa kijiti cha mbao, si bisibisi. Kama hakuna kitu, chungulia nyuma ya tundu: nyaya mbili, na mara nyingi ule wa katikati umelegea unacheza na kugusa chuma. Tia fyuzi ile ile iliyoandikwa, usipandishe. Na ununue kifuniko chake, vinauzwa, abiria wa Watamu wana mchanga mikononi.